Buku kwa Mstari Wake

Mwanamke anayejua kutunza haondoki kitini wimbo unapoanza. Anauacha upite. Ubeti wa kwanza unaimbwa yeye kaegemea, mkono shavuni, kama mtu aliyemsindikiza tu jirani yake. Wenye pupa wamekwishasimama tangu kinanda kilipolia; wamekwenda, wametoa, wamerudi wakijifuta jasho kwa ncha ya mtandio. Yeye anasubiri mstari. Anajua uko wapi, kwa sababu wimbo ameusikia jikoni, saluni na ndani ya daladala, na ameshaamua zamani ni neno gani humo lililo lake. Neno likikaribia, ananyanyuka.

Nimewatazama wanawake hawa kwa muda mrefu kiasi cha kuanza kuwatambua mafundi miongoni mwao. Wapo kokote taarabu inakopigwa kwa watu wanaoielewa, lakini mimi nawahusisha na upande huu wa Dar es Salaam: Kariakoo yenyewe, Gerezani, mitaa inayoteremka kuelekea bonde la Jangwani, na Magomeni ng'ambo ya pili. Hapa harusi ikikosa ukumbi huziba mtaa kwa turubai, spika zikaelekezwa madirishani kwa majirani, wapende wasipende. Na miaka ile Jahazi Modern Taarab ya Mzee Yusuf ilipokuwa ikirusha watu roho pale Travertine, Magomeni, kuvuka bonde usiku na kurudi alfajiri lilikuwa jambo la kawaida kwa akina mama wa upande wetu, wengine wakiwa na duka la kufungua saa mbili asubuhi.

Mgeni akiona noti inapelekwa jukwaani hudhani ni bakshishi. Kuna bakshishi ndani yake, sikatai. Wapiga muziki wanakula. Lakini noti ile inasema. Ina mtu iliyemtoka na mara nyingi ina mtu inayemwendea, na huyo si mwimbaji. Ukumbini kwa taarabu msikilizaji hulipia neno alilolipenda, akalisimamia mbele za watu, na sijaona mfumo mwingine wa kuchangia sauti za wanawake ulioweza kufanya mambo hayo mawili kwa mkono mmoja.

Tuanze na chenji, maana hapo ndipo fundi anapoanza. Fedha ya kutunza huandaliwa mchana. Mama ana msimbazi, yaani elfu kumi, noti nyekundu iliyopewa jina la mtaa wa Simba, na anamwomba muuza duka amvunjie apate buku kumi. (Kwamba noti kubwa kuliko zote nchini inaitwa msimbazi hata hapa, hatua chache kutoka jengo la Yanga pale Twiga na Jangwani, ni msalaba ambao wana Yanga wameubeba kwa uvumilivu.) Mara nyingi fedha yenyewe imetoka kwenye mchezo. Wanawake kumi au ishirini wanatoa kiasi kila siku au kila wiki, kijumbe anapita kukusanya, na zamu ikifika mtu anapokea kitita. Wengi hununua mzigo, hulipa ada ya mtoto, hupaua nyumba. Kidogo kinabaki kwa ajili ya ukumbi, na kidogo hicho kina heshima yake, kwa kuwa ni fedha ambayo mwenyewe hakuomba ruhusa ya mtu kuitumia.

Zamani kulikuwa na jero ya karatasi, yenye sura ya Mzee Karume. Oktoba 2014 Benki Kuu ikaleta sarafu ya shilingi mia tano, noti ikaanza kupungua mikononi, na mapema mwaka 2025 zilizosalia zikapewa miezi mitatu ya kurudishwa benki. Sababu zilikuwa za kihasibu na za maana: sarafu haichakai upesi. Ila sarafu haipepei. Haishikwi kwa ncha za vidole viwili ikaonekana kutoka meza ya nyuma, na ukimbandika nayo mwimbaji kwenye paji la uso inadondoka na kuviringika chini ya viti. Bei ya chini ya kusema neno ukumbini ikapanda maradufu, kutoka jero hadi buku, na sidhani kama kuna ripoti ya uchumi iliyolinakili hilo.

Sasa mwendo. Fundi hatembei kwenda jukwaani, anacheza kwenda jukwaani, na anacheza kidogo sana. Nyonga inafuata ngoma, mabega yametulia, mkono wa kulia uko juu, noti imekunjuliwa yote. Haharakishi. Kama mstari wake uko mwishoni mwa ubeti, atazunguka meza mbili zaidi kuliko inavyohitajika ili afike wakati unaofaa. Nimeona mwanamke akikaribia jukwaa mapema mno, akagundua, akageuka kumsalimia shoga yake kwa kumpigia kidoko na kumshika bega, akapoteza sekunde nane namna hiyo, kisha akapanda. Asiyejua angesema amechangamka tu. Alikuwa akihesabu.

Halafu anafika, mwimbaji anatamka, na noti inatua juu ya neno. Hapa ndipo ustadi wote ulipo. Noti ikitua kabla, haina maana. Ikitua baada, imeshamwangukia mtu mwingine, na inaweza kuzua kesi. Pengine mstari unasema aliyekuwa akichekwa sasa ana kwake. Pengine unasema nyumba ya mtu haivunjwi kwa maneno. Kila mtu ukumbini anajua ni nani anayechekwa mtaani na ni nyumba ya nani inayosemwa. Mtunzaji hamtazami mhusika. Akimtazama ameharibu. Wanagenzi ndio wanaonyoosha vidole, wanaopeperusha noti kuelekea meza ya hasimu, wanaozunguka kiti chake mara tatu. Fundi anamwangalia mwimbaji machoni, anatabasamu, anampa, anageuka kwa utulivu uleule. Kama kuna jicho, litatupwa kwa nusu sekunde wakati wa kurudi, tena kwa mtu aliyekaa jirani na mhusika.

Na akiulizwa kesho yake dukani? "Mwaya, mimi niliupenda wimbo tu." Hakuna baraza wala mwenyekiti wa mtaa atakayemshitaki mtu kwa kupenda wimbo. Maneno aliyoyasema hayakutoka kinywani mwake, yalitoka kwa mwimbaji. Mwimbaji naye aliandikiwa na mtunzi. Mtunzi atasema alikuwa akisema na dunia kwa jumla. Neno limefika na mwenyewe haonekani. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Kelly Askew, aliyekaa Tanga miaka ya 1990 na kupiga muziki na vikundi vya huko, aliupa utunzaji huu nafasi kubwa katika kitabu chake cha mwaka 2002, Performing the Nation, na alichokiona ndicho wanachokijua akina mama wetu bila kitabu: anayetoa noti naye anasema.

Kwa wanawake hili lilikuwa jambo la lazima. Mwanamume mwenye hasira na jirani alikuwa na kijiwe, alikuwa na baraza, alikuwa na mkutano. Mwanamke akisema wazi ataitwa mgomvi, akinyamaza ataitwa mjinga. Katikati ya mgomvi na mjinga pana njia nyembamba, na ndiyo ile inayopita kati ya viti kuelekea jukwaani.

Upande wa mwimbaji nao una mambo. Mwimbaji mzoefu anaona watu wanavyonyanyuka na anajua wimbo unaelekea wapi. Kama mstari mmoja unaita noti, anaurudia. Kiitikio kilichopaswa kupita mara mbili kinapita mara sita, mpiga kinanda anamtazama, mpiga besi anazungusha palepale, na wimbo wa dakika kumi unafika ishirini. Fedha imeuhariri wimbo. Nyuma ya mwimbaji yupo wa kupokea, mara nyingi kijana asiye na cheo, anayeondoa noti mkononi mwake ili mkono ubaki huru, na kuziweka kwenye beseni au mfuko. Vikundi vinatofautiana katika kugawana: kwingine tuzo ni ya mwimbaji, kwingine ni ya wote, kwingine ni nusu kwa nusu, na migogoro mingi ya bendi niliyosikia habari zake ilianzia kwenye beseni hilo. Kumpokea mtu vizuri ni kipaji pia. Wapo waimbaji wanaotazama thamani ya noti kwanza. Mtunzaji anaona, na harudi tena.

Ushahidi wa nguvu ya noti hizi ulionekana miaka ya 1990, mipasho ilipopamba moto. Tanzania One Theatre, chini ya Kapteni John Komba, ilikuwa na Khadija Kopa, aliyetokea Culture Musical Club ya Zanzibar. Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ilikuwa na Nasma Khamis. Wimbo ukitoka huku, jibu linatoka kule, na mji ukagawanyika kama unavyogawanyika kwa Simba na Yanga. Wazee wa taarabu ya zamani walilalamika kwamba staha imekwisha, mafumbo yamekuwa matusi yaliyofunikwa leso nyepesi. Walikuwa na hoja. Lakini mipasho haikupandishwa na redio wala na wafadhili. Wanawake walinyanyuka na buku zao wimbo baada ya wimbo, na kikundi kilisoma beseni kama kilivyosoma ukumbi. Mashairi yaliyosema habari za wanawake yakalipwa, yasiyosema yakasahaulika.

Mizizi ni mirefu kuliko hapo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alianza kwa kuuza vyungu, na hata biashara hiyo aliifanya kwa sauti. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za HMV, na akawa sauti ya watu waliokuwa wakidharauliwa mjini; kesi za mahakamani zilizowaumiza wanawake ziliimbwa barazani kwake. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili wasifu, akauandika. Hapa Dar es Salaam, Egyptian na Al-Watan vilikuwa vimeshajijengea jina kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kila klabu ilikuwa na wanawake wake, sare zake, michango yake na ushindani wake wa nani kapendeza na nani katoa.

Kisha ukaja mwaka 1955. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na ilihitaji wanawake. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, ndiye aliyewaendea, na alijua pa kwenda: kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama. Katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi. Wanahistoria wamelieleza vizuri suala la mtandao huo wa vikundi, hasa Susan Geiger, aliyekaa na kuwasikiliza wanawake wenyewe. Mimi huwaza zaidi kuhusu mkono. Wanawake hawa walikuwa wamezoea kuinuka mbele za watu, kutoa fedha ndogo waliyoitafuta wenyewe, na kwa kitendo hicho kusema wako upande gani. Kununua kadi ya TANU kulitaka ujasiri huohuo, na mazoezi walikuwa nayo.

Nirudi ukumbini, maana kuna jambo linaniudhi. Siku hizi kuna mtindo wa kumwaga. Mtu anapanda jukwaani na bunda, anazichambua noti moja moja juu ya kichwa cha mwimbaji zinaanguka chini, simu tatu zinamrekodi, na anaendelea hata mstari ukibadilika, hata wimbo ukiisha. Kiasi ni kikubwa na beseni linafurahi. Lakini alikuwa akilipia neno gani? Alimwaga juu ya yote, kwa hiyo hakusema lolote ila kwamba anazo. Naelewa kwamba mwimbaji hawezi kulipa kodi ya nyumba kwa buku zilizotua mahali pake, na nisingemshauri akatae. Ila mwanamke wa meza ya nyuma mwenye buku tatu, aliyechagua mistari mitatu katika usiku mzima, ndiye ninayemfuata kwa macho.

Na namfikiria huyo kila ninaposikia mabinti wa podikasti wakiomba mchango. Wapo wengi sasa. Nairobi, Adelle Onyango alianzisha Legally Clueless mwaka 2019 na kuwapa watu wa kawaida wa Afrika nafasi ya kusimulia maisha yao. Marekani wako wanawake weusi wanaochambua filamu, nywele, nyimbo, mapenzi na siasa kwa jicho la ukombozi wa mwanamke, na vipindi vya wengi wao huendeshwa na wasikilizaji wanaotoa kiasi kila mwezi kupitia majukwaa kama Patreon, lililoanza mwaka 2013. Huku kwetu mazungumzo ya aina hiyo yalitanguliwa na Sauti ya Siti, jarida la TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa mwaka 1987. Waliochagua jina walikuwa wanajua wanatoka kwenye ukoo gani.

Sababu ya kumwomba msikilizaji ni ileile ya ukumbini. Mwenye sabuni anayelipia tangazo hapendi kila neno lisemwe. Anayelipenda ni yule lililomgusa. Na maneno yana gharama. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipokuja hapa nchini, ada ya maombi, leseni na ada ya mwaka kwa pamoja zilifika shilingi milioni 2.1. Baadaye ada zilipunguzwa. Kwa hesabu ya ukumbini, milioni 2.1 ni buku 2,100, na binti mwenye kipaza sauti chumbani kwake hakuwa na mama 2,100 wa kunyanyuka.

Njia ya kutuma fedha ipo. M-Pesa tunayo tangu 2008. Namba inatajwa mwisho wa kipindi, msikilizaji anatuma, ujumbe unaingia. Imefika salama, na imefika bubu. Mtumaji kakaa kitandani gizani na haonekani na mtu. Mtangazaji anajua ni shilingi ngapi na kutoka namba gani, hajui ni kwa neno lipi. Hata yule aliyesemwa kwenye kipindi, kama yupo, hatajua kwamba nusu ya mtaa wake wamelilipia lile lililosemwa. Vipindi vingine hujaribu kuziba pengo kwa kusoma majina ya wachangiaji, na kutajwa jina si jambo dogo: Wakongo wamelijengea biashara nzima wanayoiita mabanga, tajiri analipa na mwanamuziki anamtaja katikati ya wimbo. Lakini hapo mwimbaji ndiye anayemsema mlipaji. Kariakoo mlipaji ndiye anayesema, kwa kinywa cha mwimbaji, na anayetaka kutajwa jina hajaelewa kwa nini wenzake wanajificha.

Wakiniuliza, ningewashauri waombe kitu kimoja zaidi ya fedha: dakika. Mtu akituma buku, aandike na dakika iliyomnyanyua. Bila jina, bila maelezo, ile 23:40 tu. Wiki ikiisha wanakaa na orodha, wanairudia sauti, wanasikiliza pale. Huenda wakakuta uchambuzi mrefu waliouandaa usiku kucha haukuitwa na mtu, na sentensi moja iliyomtoka mmoja wao akicheka, kuhusu mama yake na daftari la mchezo, imebeba buku sitini. Kipindi kinachofuata wangejua cha kurudia.